Maji kwa Kipimo

SOMO LA 6

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Yeremia 17:10, Ezekieli 4:9–11, 2 Samweli 23:14–17, 1 Wafalme 19:4–8, Warumi 14:1–13, Marko 2:1–12, Ufunuo 7:16, 17.

Fungu la Kukariri: 1 Wakorintho 10:31. Lisome katika Biblia yako kila asubuhi juma hili. Angalia jinsi Paulo anavyoweka kula, kunywa na kila tendo lingine chini ya kusudi moja tu, yaani utukufu wa Mungu.

Chukua mfano wa mama mmoja wa Maisaka, mjini Babati. Ana miaka 54, anashona nguo kwa cherehani barazani kwake, na kwa muda mrefu ameimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa. Kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa na presha, lakini alimeza dawa siku alizoumwa kichwa tu. Mgongo ulipomuuma kwa kuinamia cherehani, alinunua vidonge vya maumivu dukani, wiki baada ya wiki. Kisha miguu ikaanza kuvimba. Vipimo vya hospitali vilionyesha kuwa figo zake zimebaki na nguvu kidogo. Daktari alimpa dawa na kumpunguzia chumvi. Tena, kwa kuwa mkojo wake ulikuwa umepungua na mwili umejaa maji, alimwekea kipimo: lita moja kwa siku, kila kinywaji kikihesabiwa.

Sabato iliyofuata, kipindi cha afya kanisani kilihusu maji. Washiriki walihimizwa kunywa glasi nane kila siku. Wakati wa chakula cha pamoja, dada mmoja wa Dorkasi alimwona mama hajagusa glasi yake. "Mama, kunywa maji. Hii ndiyo dawa aliyotupa Mungu mwenyewe." Mama hakutaka kuonekana amekataa shauri la kanisa. Akanywa, akajaziwa, akanywa tena. Jioni nyumbani alimaliza chupa nzima, akiwa na kiu ya siku nyingi na furaha ya mtu aliyeruhusiwa. Jumatatu usiku alishindwa kulala chali. Alikaa kitini akihema hadi alfajiri, ndipo mwanawe akamkimbiza hospitali.

Dada yule alimpenda mama, na alilosema kuhusu maji ni kweli kwa watu wengi. Hata hivyo, kweli hiyo ilikaribia kumwua mtu. Juma hili tutajifunza jinsi ujumbe wa afya unavyoweza kubaki habari njema kwa mtu ambaye mwili wake hauwezi tena kufuata kanuni ya wote.

*Jifunze somo hili ili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.*

---

JUMAPILI

Yeye Achunguzaye Viuno

Soma Yeremia 17:10, Zaburi 7:9 na Ufunuo 2:23. Mungu anachunguza nini ndani ya mwanadamu?

Biblia ya Kiswahili inasema Bwana huchunguza moyo na viuno. Neno la Kiebrania lililo nyuma ya "viuno" katika Yeremia ni lile lile linalotumika katika Mambo ya Walawi 3:4, ambako limetafsiriwa "figo". Waebrania waliziona figo kuwa mahali pa siri kuliko pote mwilini, zilizofichwa nyuma ya matumbo na kuzungukwa na mafuta. Walizihusisha na mawazo ambayo mtu hamwambii mwenzake. Mungu anayezichunguza figo ni Mungu anayejua yaliyofichika kabisa.

Daudi naye, katika Zaburi 139:13, anapokiri kwamba Mungu ndiye aliyemwumba ndani, anatumia neno hilo hilo. Kwa hiyo mgonjwa wa figo anaposoma zaburi hiyo, anasoma kuhusu kiungo kile kile kinachomsumbua. Muumbaji wake anakijua.

Kazi ya viungo hivi viwili ni ya ajabu. Kila figo ina vichujio vidogo sana karibu milioni moja. Kwa siku moja figo za mtu mzima mwenye afya huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, lakini karibu yote hurudishwa mwilini, na lita moja hadi mbili tu hutoka kama mkojo. Figo huondoa uchafu, hupima chumvi na maji, husaidia kurekebisha presha, huamsha vitamini D kwa ajili ya mifupa, na huuagiza uboho kutengeneza chembe nyekundu za damu. Ndiyo sababu mgonjwa wa figo huweza kuwa na upungufu wa damu na uchovu ambao wengine huuona kuwa uvivu.

Ugonjwa huitwa sugu hitilafu ya figo inapodumu kwa miezi mitatu au zaidi. Madaktari huugawa katika hatua tano. Katika hatua za mwanzo mtu huwa haumwi popote. Anakula, analima, anaimba, huku vichujio vikiendelea kufa kimya kimya. Utafiti uliofanywa katika jamii za mkoa wa Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa takriban watu wazima 7 kati ya kila 100. Mjini ulikuwa mwingi kuliko vijijini, na walio wengi hawakujua kwamba wanao.

Kisukari na presha ni miongoni mwa visababishi vikubwa. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zikitumiwa mara kwa mara bila ushauri, huweza kuzidhuru figo, na baadhi ya dawa za mitishamba pia. Ni huzuni kwamba nyingine kati ya hizo huuzwa kwa jina la kusafisha figo.

*Je, kujua kwamba Mungu anachunguza yaliyofichika kunakutia hofu au kunakufariji? Kwa nini?*

---

JUMATATU

Maji kwa Kipimo

Soma Ezekieli 4:9–11. Nabii aliagizwa anywe maji kiasi gani, na kwa utaratibu upi?

Ezekieli aliambiwa anywe sehemu ya sita ya hini kwa siku, tena wakati kwa wakati, si yote mara moja. Wengi hukadiria hini kuwa lita tatu na nusu hivi au zaidi kidogo. Basi sehemu ya sita yake ni kama chupa ndogo ya maji inayouzwa stendi ya Babati. Nabii wa Mungu aliishi kwa kiasi hicho mbele ya macho ya watu.

Inafaa kuwa waangalifu hapa. Kipimo cha Ezekieli kilikuwa ishara ya kuzingirwa kwa Yerusalemu na ya hukumu juu ya taifa. Kipimo cha mgonjwa wa figo si hukumu. Wanafunzi walipotaka kujua ni dhambi ya nani iliyomfanya mtu azaliwe kipofu, Yesu alilikataa swali lenyewe (Yohana 9:1–3). Lakini Ezekieli anatuonyesha jambo moja: mtu anaweza kunywa maji kwa kupimiwa, akiwa na kiu, na bado akawa ndani ya mapenzi ya Mungu.

Kwa nini daktari ampimie mtu maji? Figo zinaposhindwa kutoa mkojo wa kutosha, kila glasi inayoingia hubaki mwilini. Huanza miguuni, hupanda usoni, huongeza presha, huulemea moyo, na mwisho hujaa mapafuni. Ndicho kilichomtokea yule mama wa Maisaka. Mgonjwa aliyefikia kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa juma na takriban saa nne kila mara, mara nyingi huambiwa anywe kiasi cha mkojo alioutoa jana kikiongezwa nusu lita hivi. Na maji si yale ya glasi peke yake. Uji, chai, supu, maziwa, juisi, barafu na hata tikiti maji vinahesabiwa.

Sasa mfikirie kijana mwendesha bodaboda anayekaa benchi moja na mama huyo kanisani. Naye ameambiwa mkojo wake una protini, dalili kwamba figo zimeanza kuumia, lakini nguvu zake bado ni nzuri na mkojo hutoka vizuri. Tatizo lake ni kushinda juani kati ya stendi na Maisaka bila tone la maji. Daktari wake amemwambia asikae na kiu, anywe maji zaidi siku za jua kali, na awahi hospitali akiharisha au kutapika, kwa sababu mwili ukikaukiwa figo hupata pigo jingine, na huenda baadhi ya dawa zake zikahitaji kusimamishwa kwa muda.

Benchi moja, ugonjwa mmoja, na mashauri mawili yaliyo sahihi.

Wala kijana huyo hahitaji kujilazimisha kunywa maji mengi kupita kiasi akidhani atazioshea figo uchafu wote. Nchini Kanada wagonjwa 631 wa hatua ya tatu walifuatiliwa, na kundi moja lilihimizwa kuongeza maji ya kunywa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja, figo za kundi hilo hazikuwa zimelindwa kuliko za wenzao. Ubora wa maji nao una maana. Katika Bonde la Ufa, ambako visima vingi vina floridi ya kutia meno rangi ya kahawia, figo dhaifu hushindwa kuitoa floridi vizuri, na kuchemsha maji hakuiondoi.

Miongoni mwa matunda ya Roho limo neno "kiasi" (Wagalatia 5:23). Kwa kawaida Waadventista wanaposikia neno hilo hufikiria pombe na tumbaku. *Je, neno hilo lina maana gani kwa mtu ambaye hata maji, yaliyo mema, ni lazima ayapime?*

---

JUMANNE

Kiu Iliyomwagwa Mbele za Bwana

Soma 2 Samweli 23:14–17. Kwa nini Daudi hakuyanywa maji aliyoyatamani?

Daudi alikuwa ngomeni wakati wa mavuno, Wafilisti wakiwa Bethlehemu. Akatamani maji ya kisima cha nyumbani kwao. Mashujaa watatu wakapenya kambi ya adui, wakayateka, wakamletea. Alipoyashika, aliona ndani yake si maji tena bali damu ya watu walioihatarisha nafsi yao. Akayamwaga mbele za Bwana.

Kisa hiki kinagusa mambo mawili katika maisha ya mgonjwa anayenywa kwa kipimo.

Kwanza, kiu yake ni ya kweli. Asidharauliwe kwa kuambiwa "jikaze tu". Zaburi 42 na 63 zimetumia kiu ya mwili kueleza hamu ya roho kwa sababu hakuna anayeisahau kiu. Mwana wa Mungu mwenyewe alisema msalabani kwamba ana kiu (Yohana 19:28). Yule aliyewaahidi wengine maji ya uzima hakuona aibu kukiri kwamba koo lake limekauka. Mgonjwa anapoomba usiku huku ulimi umegandamana, anaomba kwa Mmoja anayeijua hali hiyo.

Pili, kukiacha kitu chema kwa ajili ya uhai kunaweza kuwa ibada. Maji aliyoyamwaga Daudi hayakuwa na kosa lolote. Vivyo hivyo glasi anayoirudisha mama wa Maisaka si mbaya. Anairudisha kwa ajili ya watoto wake, kwa ajili ya waliomkimbiza hospitali usiku ule, na kwa ajili ya Bwana aliyempa mwili huo. Akiirudisha kwa sala fupi, amemwaga maji mbele za Bwana.

Kiu inaweza kupunguzwa, na wauguzi hufundisha njia rahisi:

Punguza chumvi, kwa maana chumvi ndiyo mama wa kiu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote pamoja. Magadi yanayolainisha maharage na makande nayo yana sodiamu, na viungo vya mchuzi vya pakiti vina chumvi nyingi. Chumvi mbadala isitumiwe bila kumwuliza daktari, kwa kuwa nyingi zina potasiamu.

Jaza chupa ya kipimo chako asubuhi. Kila unywapo uji au chai, mwaga kiasi kama hicho kutoka kwenye chupa. Chupa ikiisha, kipimo cha siku kimeisha.

Tumia kikombe kidogo, unywe kidogo kidogo. Sukutua mdomo kwa maji na kuyatema. Mwenye kisukari aitunze sukari yake, kwa kuwa sukari ikipanda kiu huongezeka.

Jipime uzito kila asubuhi kwa mzani ule ule. Uzito ukipanda ghafla kwa siku moja au mbili, hayo ni maji, si kunenepa. Mjulishe daktari.

*Ni kitu gani chema ambacho umelazimika kukiacha kwa ajili ya afya yako au ya mtu mwingine? Kiliathirije maombi yako?*

---

JUMATANO

Malaika Hakumkemea Eliya

Soma 1 Wafalme 19:4–8. Malaika alimtendeaje Eliya kabla Mungu hajasema naye?

Eliya alikuwa amechoka hata kuomba kufa. Malaika hakuanza kwa hotuba. Alimgusa, akampa mkate na gudulia la maji, akamwacha alale, kisha akamrudia mara ya pili, akieleza kwamba safari iliyo mbele ni kubwa kuliko nguvu zake. Shauri la mbinguni lilianza kwa kutazama hali ya mtu na safari inayomkabili.

Hivyo ndivyo ujumbe wa afya ulivyokusudiwa. Katika kitabu chake kuhusu huduma ya uponyaji, kilichochapishwa mwaka 1905, Ellen G. White alitaja tiba za asili ambazo Waadventista wanazijua vizuri: hewa safi, mwanga wa jua, kiasi, pumziko, mazoezi, lishe bora, maji, na kumtumaini Mungu. Maji yamo katika orodha hiyo, na kiasi kimo pia. Anayefundisha moja bila jingine amefundisha nusu.

Kosa la dada wa Dorkasi lilikuwa kudhani kwamba kilichomfaa yeye kinamfaa kila mtu. Soma Warumi 14:1–13. Paulo anazungumza na kanisa lililohukumiana kuhusu sahani. Kila mmoja, asema, atatoa habari zake mwenyewe mbele za Mungu. Leo katika chakula cha pamoja kuna mgonjwa anayeacha maharage, mbaazi, ndizi, parachichi au viazi, vyakula ambavyo Waadventista huvisifu, kwa sababu kipimo chake cha damu kimeonyesha potasiamu nyingi, na potasiamu ikizidi huweza kuusimamisha moyo. Kuna mwingine aliyeambiwa apunguze protini, na mwingine aliye kwenye mashine ambaye ameambiwa aiongeze. Anayewatazama kutoka meza ya pili hawezi kujua. Marafiki wa Ayubu walimfaa sana zile siku saba walizokaa naye kimya (Ayubu 2:11–13).

Kufunga nako kuna hekima yake. Esta na watu wake walifunga siku tatu bila kula wala kunywa (Esta 4:16). Lakini mgonjwa wa figo asifuate mfano huo bila kuzungumza na daktari wake. Isaya 58:6, 7 inaeleza saumu ambayo hata mgonjwa aliyelazwa anaweza kuishika.

Kuna jaribu jingine lililo zito zaidi. Baada ya maombi ya kutiwa mafuta (Yakobo 5:14), wengine huacha dawa au hawarudi kwenye mashine, wakiona kwamba kuendelea ni kukosa imani. Soma Isaya 38:1–5, 21. Mungu alikuwa amekwisha kumwahidi Hezekia miaka 15 zaidi. Hata hivyo, Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi na dawa vilitoka kwa nabii yule yule. Mgonjwa anayesafishwa damu akiacha mashine huwa na siku au majuma machache tu. Mchungaji au mzee wa kanisa anayeomba pamoja naye na amwambie waziwazi: endelea na matibabu, nasi tutaendelea kuomba.

*Je, umewahi kumpa mgonjwa shauri la afya bila kumwuliza kwanza daktari wake alisema nini? Ungefanya nini tofauti leo?*

---

ALHAMISI

Wanne Waliobeba Kitanda

Soma Marko 2:1–12. Yesu aliiona imani ya nani?

Marko anasema Yesu aliiona imani yao. Waliobeba wamo ndani ya neno hilo. Mwenye kupooza hakuweza kufika kwa miguu yake, na wale wanne hawakuridhika kumwambia kwamba wanamwombea. Walishika pembe za kitanda, wakapanda darini, wakatoboa.

Mama wa Maisaka ameambiwa na daktari kwamba huenda siku ya mashine ikafika. Ugonjwa huu una pembe nyingi za kushika. Kuna nauli na muda, kwa kuwa huduma za kibingwa kwa wengi ziko mbali na nyumbani. Kutoka Babati hadi Arusha ni karibu kilomita 170, na kwenda Dodoma ni zaidi ya kilomita 200. Kuna gharama, ambazo humaliza mifugo na shamba la familia isiyo na bima ya afya. Kuna watoto wanaobaki nyumbani. Kuna mume au binti anayemsindikiza kila mara, ambaye hakuna amwulizaye amelala saa ngapi. Msamaria alimpakia majeruhi juu ya mnyama wake, akalipa dinari mbili, akaahidi kurudi (Luka 10:34, 35). Alipanga pia kwa siku zijazo, na ugonjwa sugu unahitaji upendo wa namna hiyo, kwa kuwa mchango wa Sabato moja hautoshi.

Njia nyingine ya matibabu ni kupandikizwa figo. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upandikizaji huo mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018. Mtoaji huwa ndugu aliye hai, na mtu mwenye afya anaweza kuishi na figo moja. Huo ni uamuzi wa hiari, unaohitaji vipimo na ushauri mwingi. Familia isimshinikize mtu kwa jina la upendo wa Kikristo, wala kanisa lisimlaumu anayeshindwa.

Pembe nyingine ya kitanda ni kuwalinda ambao bado hawajaugua. Presha hupimwa kwa dakika chache, sukari kwa tone la damu. Mwenye presha au kisukari anahitaji pia kupimwa protini katika mkojo na kriatinini katika damu, walau mara moja kwa mwaka. Idara ya Afya na Kiasi ikiweka meza ya vipimo wakati wa makambi, huenda ikamgundua mtu katika hatua ya pili badala ya ya tano. Na mwalimu wa kipindi cha afya anaweza kuongeza sentensi moja anapofundisha kuhusu maji: "Kama una ugonjwa wa figo au wa moyo, fuata kipimo cha daktari wako." Sentensi hiyo ingemwepusha mama yule na usiku ule wa kitini.

Soma 1 Wakorintho 12:26. *Kanisa lenu lina utaratibu gani kwa mshiriki ambaye ugonjwa wake hautaisha mwezi huu wala mwaka huu?*

---

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Soma Mwanzo 21:14–19, habari za Hajiri na kiriba kilichoisha maji, Waamuzi 15:18, 19, kiu ya Samsoni baada ya ushindi, na Yohana 4:5–15, Yesu akiomba maji kisimani. Angalia kwamba katika kila kisa Mungu hakuichukulia kiu kuwa jambo dogo, na kila mmoja alitendewa kulingana na hali yake.

Dada wa Dorkasi alikwenda kumwona mama hospitalini. Hakujua aanzie wapi. Mama ndiye aliyeanza: "Mwanangu, wewe hukujua. Na mimi niliyejua sikusema." Wote wawili walilia. Dada alimwuliza muguzi mambo ambayo hakuwahi kuyauliza, akayaandika katika daftari lake la vipindi vya afya.

Mama amerudi Maisaka. Hajapona. Anaweza kukaa cherehanini saa mbili, kisha analala. Kila asubuhi anajaza chupa yake ya lita moja, na ikifika jioni huwa anaitazama sana iliyobaki. Kwenye chakula cha pamoja sasa huwekewa kikombe kidogo cha kahawa, na mboga zake hupikwa katika sufuria ya pembeni, bila chumvi wala magadi. Kwaya ikimaliza wimbo, wenzake hunywa maji, naye husukutua mdomo na kutema nje. Hakuna anayemwuliza tena kwa nini.

Soma Ufunuo 7:16, 17 na 22:17. Yohana aliwaona watu ambao hawatakuwa na kiu tena kamwe, na Mwana-Kondoo akiwaongoza kwenye chemchemi za maji ya uhai. Kwa mtu mwenye afya ahadi hiyo ni nzuri. Kwa anayehesabu vikombe ni ahadi ya kinywaji halisi, siku ambayo hakuna atakayesema kwamba ni mgonjwa (Isaya 33:24), na ambayo hakuna atakayepimiwa. Hadi siku hiyo, kipimo cha lita moja ni njia mojawapo ambayo Bwana anamtunza mtumishi wake afike huko.

Maswali ya Kujadili:

1. Mama alinywa kwa sababu aliona haya kukataa. Ni mambo gani katika kanisa lenu yanayomfanya mgonjwa aogope kusema hali yake? Yanaweza kuondolewaje bila kumlazimisha atangaze siri zake?

2. Ni tofauti gani iliyopo kati ya kulegeza ujumbe wa afya na kuutumia kwa hekima kwa kila mtu? Tumia mfano wa mama na kijana wa bodaboda katika majibu yenu.

3. Mtu asiyekuwa Mwadventista anauliza: "Kama ninyi mna ujumbe wa afya, mbona washiriki wenu wanaugua figo?" Darasa lenu lingejibuje kwa unyenyekevu na kwa kweli?

4. Katika kisa cha Marko 2 walikuwepo wabebaji wanne. Orodhesheni kazi nne ambazo darasa hili linaweza kuzifanya robo hii kwa mgonjwa mmoja mnayemjua. Nani atashika pembe ipi?